Kugonga Bomba

Saa nane na dakika kumi na moja usiku, Katuba.
Kuran imekatika tangu bukari ya jioni.
Simu yangu, iliyobakiwa na asilimia tisa za uhai,
yatetemeka mezani kama mende aliyepinduka chali.

Si deni. Si Kabwita anayedai pango.
Ni barafu.

Barafu ya ncha ya kusini, huko chini kabisa
walikotundika macho ya kioo kwa maelfu,
shanga zilizozamishwa kisimani,
yakingoja giza lifanye kosa.
Usiku huu limefanya: cheche moja ya buluu.
Mashine yaandika: nyutrino moja imepita, upande huu, saa hii.
Kwamba imetoka mbali kweli: nusu kwa nusu.
Mwenye darubini atazame.

Mwenye darubini ni mimi.
Kioo cha inchi nane ndani ya bomba la maji machafu
nililolinunua soko la Kenya (Kenya yetu, si ile ya Nairobi).
Napiga hesabu nyuma ya mtihani wa Ngoie,
aliyepata nne kwa ishirini.
Digrii thelathini na tisa, kaskazini.
Narudia, maana siamini:
mstari huo ukiurudisha nyuma kutoka barafuni
watoboa dunia na kuibukia hapa,
labda kwa Mama Feza muuza makaa,
labda porini. Duara la makosa lameza mji na vijiji vyake.

Basi imepita kwenye mabati,
kwenye godoro, kwenye usingizi wa Kyalwe wangu,
kwenye malakiti ambayo watu huvunja kucha wakiitafuta,
haikubeba hata gramu,
haikusimama kwenye kizuizi chochote kutoa kitu kidogo;
na kabla jicho halijamaliza kufumba
ilikuwa imeshafika.

Baba yangu, Numbi wa Kipushi, alisikiliza hivi.
Siku mwamba uliposhuka walizima mashine zote,
hata pampu, hata kikohozi.
Akaweka sikio kwenye bomba la hewa,
akagonga mara tatu kwa spana.
Akanyamaza.
Ardhi ina makelele yake, alituambia,
maji, mbao zikilalamika, mawe yakijigeuza kitandani.
Katika milio elfu, mmoja huenda ni mtu.
Huwezi kujua kwa kusikia mara moja.
Lakini ukingoja uwe na hakika,
hewa imekwisha.

Natoka uani pekupeku.
Kaskazini kuna bomba la moshi la kiwanda
na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba.
Juu yao, wingu lenye tundu.
Nachomeka jicho kwenye tundu.

Kyalwe amesimama mlangoni, kitenge begani.
— Unatafuta nini?
— Kitu kilichopita.
— Kama kimepita, wakitafutia nini?
— Aliyekirusha huenda bado yuko.
Ananitazama kama mtu anayehesabu bei ya kioo kwa magunia ya unga.
Kisha analeta kigoda. Si changu, chake;
anakaa, anasubiri pamoja nami,
hataki kuangalia.

Nyota kumi na saba zilizo kwenye ramani.
Nyota kumi na saba zilizo mbinguni.
Nahesabu tena, nikitamani kukosea.

Wingu linafunga tundu lake.

Naandika kwa kidole kilichokufa ganzi:
Lubumbashi. Mawingu kiasi. Dakika arobaini.
Sijaona kitu kipya.
Kesho pengine barafu itasema samahani,
ilikuwa kelele tu ya hewa yetu wenyewe.

Baba alirudi siku ya tatu.
Hakusema walitoa wangapi.
Alinawa mpaka viwiko, akaketi, akasema:
tuligonga.

Natuma. Asilimia mbili.
Jogoo wa Mama Feza, ambaye hajawahi kujua saa,
awika.